Nilivyong'oa Maua ya Mama Alinda

Kwa Evodius na Anchelmi, na wanakwaya wenzangu wote wa Kamuli,

Kwanza mnisamehe mwandiko. Mkono wangu umezoea panga kuliko kalamu, na tangu nimalize darasa la saba sijaandika kitu kirefu kuliko jina langu kwenye gunia la kahawa. Herufi zilizoanguka ziinueni wenyewe. Neno mtakalokuta limekosewa, lisomeni vile lilivyopaswa kuwa, na msilisome kwa sauti mbele ya wasichana wa sauti ya kwanza.

Nilipopita nyumbani mliniuliza, kilitokea nini Mwanza? Mliniuliza nje ya kanisa baada ya ibada, watu wamenizunguka kama nimeokota mtoto, nanyi mnanijua. Watu wakizidi wawili, ulimi wangu unakwenda kulala. Nikasema, "Ee, pazuri," mkaondoka mmenuna. Basi hili ndilo jibu lenyewe. Naliandika polepole, jioni baada ya kazi.

Mnajua kwa nini niliondoka. Kibanja cha baba kilipogawanywa, fungu langu likawa mstari mmoja wa migomba, mwembamba kiasi kwamba mgomba ukiinama, mkungu unaangukia kwa kaka. Ndipo shangazi Paskazia akasema yuko mjane mmoja Mwanza, mwenyeji wa Muleba, anaitwa Mama Alinda, anatafuta kijana anayejua mimea. Nifike, anitazame wiki moja. Akinikubali nabaki, na ninyi wawili ningewaita mnifuate. Asiponikubali narudi kwenye mstari wangu. Mliniimbia, mkaniombea, Anchelmi akanipa hata soksi zake. Kwa hiyo niliogopa kurudi kuliko nilivyoogopa kwenda.

Habari za tiketi naziruka. Zilikuwa tiketi tu.

Kamuli hadi Omurushaka

Gozbert alikuja kunichukua na pikipiki yake umande haujakauka. Mama alikuwa amenifungia mkungu wa ndizi za kupika, mzuri, mnene, niupeleke kwa Mama Alinda, maana huwezi kuingia kwenye nyumba ya mtu mikono mitupu. Akanipa na kifurushi cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, nikaribishe watu nayo.

Pikipiki ya Gozbert ina tabia moja. Ukiizima, haiwaki mpaka isukumwe. Na Gozbert mwenyewe ana tabia moja. Hawezi kumpita mtu mzima bila kusimama na kumsalimia, wala hawezi kusema shikamoo injini ikinguruma, anasema ni kama kumkoromea mzee. Kwa hiyo kila shikamoo moja, tulisukuma pikipiki mara moja. Nanyi mnajua wazee walivyo wengi kwenye barabara ile asubuhi.

Bibi Koleta tulimkuta anaanika maharage.

"Projestus, unasafiri?"

"Ee, bibi."

"Anakwenda Mwanza," alisema Gozbert, kwa sababu mimi nilikuwa nimemaliza maneno yangu.

"Mawe, mama wee! Basi anisalimie Deus wangu, yuko hukohuko."

"Anakaa sehemu gani, bibi?"

"Si nimesema Mwanza?"

"Mwanza ni kubwa, bibi."

"Deus ni mrefu. Atamwona tu."

Nikaahidi kumwona Deus. Mbele kidogo nikaahidi kumwona Adventina ambaye ni mweupe, na mbele zaidi fundi cherehani mmoja ambaye hana alama yoyote ila ana roho nzuri. Mzee wa mwisho alitukaribisha juisi ya ndizi, na juisi hainywewi kwa kusimama. Tulipofika Omurushaka tulikuwa tunasukuma pikipiki kwenye tambarare, na basi tulilikuta likionyesha mgongo. Gozbert akalipungia mkono.

"Usijali," akasema, "angalau umeaga vizuri."

Nikapanda lililofuata.

Omurushaka hadi Biharamulo

Nilikuwa na kiti cha dirishani. Kabla hatujafika Kyaka, mama mmoja aliniambia, "Kaka, mtoto wangu anapenda dirisha," nikampisha. Karibu na daraja la mto Kagera, mzee mmoja alisema mgongo wake haupatani na kiti cha nyuma, nikampisha. Bukoba akapanda mtu mnene aliyeniambia, "Wewe ni mwembamba, utaenea popote." Nikajikuta nimekaa katikati ya njia, juu ya mkungu wangu mwenyewe.

Jirani yangu pale alikuwa kijana Msukuma anayeitwa Masanja, anarudi kwao. Alikuwa mtu mpole, anasinzia. Nikaona si adabu kukaa na mtu kimya bila kumkaribisha kitu, nikafungua kifurushi na kumwekea akamwani kiganjani, kama tunavyomwekea mgeni yeyote akiingia nyumbani. Sisi hula punje moja moja, tunapasua ganda kwa meno, tunatafuna taratibu, mazungumzo yanaendelea. Masanja hakuwa amewahi kuiona. Alidhani ni karanga. Akatupia zote mdomoni, akazitafuna na maganda, akameza, akanyoosha mkono tena. Nami naona haya kumnyima mtu.

Kahawa ilianza kumshika Muleba. Kwanza alifungua macho. Kisha akafungua mdomo, na haukufungwa tena. Alinieleza ng'ombe wa baba yake kwa majina. Alieleza ugomvi wa shemeji zake. Alipomaliza familia yake akaanza kuuliza yangu.

"Wewe wa wapi?"

"Kyerwa."

"Ah, Karagwe! Unakwenda kufanya nini Mwanza?"

"Mimea."

"Mimea gani?"

"Yote."

Masanja akasimama, akawageukia abiria. "Jamani, tunaye daktari wa mimea humu! Ametoka Karagwe, anakwenda Mwanza, ameitwa!"

Nilitaka kusema sikuitwa hivyo. Lakini basi zima lilikuwa linanitazama, na ulimi wangu ulikuwa umeshalala. Mzee wa mgongo akaniuliza kwa nini michungwa yake inadondosha maua. Nikasema, "Ee." Akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyejibiwa.

Ikafika mahali juisi ya ndizi ya asubuhi ikawa inadai njia. Nilivumilia kilima hadi kilima. Ningeweza kuvumilia mpaka Geita, lakini Masanja aliona jinsi nilivyokunja miguu.

"Konda! Simamisha gari! Daktari anataka kuchimba dawa!"

Basi likasimama, na watu wote, pamoja na mtoto wa dirishani, wakanitazama nikienda kichakani. Niliporudi, mama mmoja aliuliza kwa heshima kabisa kama ile dawa niliyochimba inatibu mihogo.

Msituni

Mbele ya Biharamulo, ndani ya msitu, basi lilipiga kelele kama beberu aliyekanyagwa, likasimama. Mkanda wa injini ulikuwa umekatika. Utingo akapanda pikipiki iliyokuwa ikipita, akarudi mjini kutafuta mwingine. Sisi tukashuka, tukakaa kwenye nyasi. Jua likazidi, vitumbua vya watu vikaisha, watoto wakaanza kulia kwa kupokezana.

Mama mmoja wa Chato, mwenye sauti ya kuamrisha, akachungulia ndani ya basi.

"Ule mkungu ni wa nani?"

"Wa daktari," Masanja alijibu. "Daktari, vipi, tunachoma?"

Nilitaka kusema kwamba ule mkungu ni zawadi, kwamba ndio utakaonifungulia mlango kwa mtu atakayenitazama wiki nzima, na kwamba mama yangu aliuchagua kati ya mikungu yote. Hayo yote nilikuwa nayo tayari kichwani, yamepangika. Mdomoni likatoka moja.

"Ee."

Kwetu "ee" inaweza kuwa "nimekusikia." Yule mama aliisikia kuwa "karibuni." Kufumba na kufumbua kuni zimekusanywa, moto umewaka, watu wanamenya. Mzee wa mgongo alikuwa na chumvi. Mwingine akatoa dagaa wakavu aliokuwa anampelekea mkwewe. Dereva, ambaye tangu asubuhi hakuwa amecheka, alikula ndizi yangu ya kwanza akafumba macho. Nyani wakaja wakakaa upande wa pili wa barabara, wamejipanga kama kamati, wanasubiri maganda.

Nami nikaletewa ndizi zangu mwenyewe kwenye jani. "Kula, daktari, usione haya." Nikashukuru. Zilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. Lakini kila nilipomeza niliona uso wa Mama Alinda ambaye sijawahi kumwona, umekunjamana.

Mkanda ulipokuja na basi likawaka, kilichobaki kwenye mkungu kilikuwa kile kigogo chake cha katikati, kirefu, kitupu. Niliona haya kukitupa mbele ya watu waliokisafisha kwa furaha namna ile. Nikapanda nacho.

Mwanza

Tulivuka ziwa juu ya daraja refu ambalo sikuliona, kwa sababu nilifumba macho. Masanja alinisimulia lote.

Sisi watu wa milimani tumezoea mlima ulio na udongo, mtu analima mpaka kileleni. Milima ya Mwanza ni mawe matupu, mawe makubwa kama kanisa, yamepandiana bila chokaa, na chini yake watu wamejenga nyumba, wanaanika nguo, wanakaanga samaki. Nilitembea mitaa ile kwa kunyata. Nilikuwa nasema moyoni, nikikanyaga kwa nguvu, mimi ndiye nitakayekuwa nimeyaangusha.

Masanja alinifikisha mpaka kwenye geti la Mama Alinda, akanikumbatia, akaenda zake, bado anaongea. Nikabaki nje. Geti lilikuwa limefungwa. Kwetu mtu anakohoa uani, anaitwa ndani. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Nilikohoa kwa muda mrefu mpaka mzee wa nyumba ya jirani akatoka na glasi ya maji.

"Kunywa kijana. Hicho kifua umekipata wapi?"

Huyo ndiye Mzee Kulwa, karani mstaafu, mtamkuta tena mbele. Ndiye aliyebonyeza kengele.

Mama Alinda alitoka mwenyewe. Ni mama mnene, ana duka la vitenge mjini, sauti yake ya Muleba kabisa, inapanda mwishoni. Nilimsalimia kwa magoti nusu.

"Marahaba. Wewe ndiye Projestus wa Paskazia? Karibu waitu, ndugu yetu. Na hiki ulichobeba?"

"Zawadi. Mama yangu anakusalimia."

Alikipokea kile kigogo kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Akakigeuza. Akahesabu kwa macho alama za vichane vilipokuwa.

"Ulikuwa mkungu mzuri sana."

"Ee, Mama."

"Ndizi zimekwenda wapi?"

"Zimeliwa Biharamulo."

"Na nani?"

"Basi."

Mama Alinda alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka kilemba kikalegea. Nikajua mlango umefunguka, ingawa sikujua kama nimeingia kama mfanyakazi au kama kichekesho.

Bustani

Siku za mwanzo nilifanya vizuri. Nilimwagilia, nikafagia, nikajibu "ee." Mama Alinda alikuwa ananiangalia kutoka dirishani. Nyumba yake ina uwanja wa nyasi fupi mbele, laini kama zulia. Kando ya njia, kutoka getini hadi mlangoni, kuna mstari wa mimea yenye majani mapana kama ya vichipukizi vya mgomba. Nyuma ya nyumba kuna mpapai mmoja mkavu.

Siku moja kabla ya wiki kwisha, akiwa anakwenda dukani, alisimama mbele yangu.

"Kesho nitakuambia kama unabaki. Leo nakuachia bustani yote. Usiniulize kitu, itunze kama ya kwenu. Nikirudi nataka kuuona mkono wa mtu wa Karagwe."

Jamani, niambieni, ninyi mngefanyaje?

Nilianza na nyasi. Kwetu nyasi zilizosimama bure ni uvivu wa mtu. Unazifyeka, unazitandaza chini ya migomba, udongo unakaa na unyevu, magugu yanakufa. Pale kulikuwa na uwanja mzima wa nyasi, na mpapai unakufa kiu. Nikafyeka uwanja wote mpaka udongo ukaonekana, nikautandikia mpapai godoro la nyasi linalofika magotini. Nikasogea nyuma nikatazama. Ulipendeza. Nilijisikia kama niko kwetu.

Ndipo nikainama kwenye ile mimea ya njiani, nipogoe. Kila jani lilikuwa na michirizi ya njano. Si jani moja wala mawili. Mstari mzima, kutoka getini hadi mlangoni, njano.

Mnakumbuka afisa kilimo alivyotukusanya ule mwaka mnyauko wa migomba ulipoingia kwetu. Mnakumbuka kibanja cha Bibi Koleta kilivyobaki wazi kama uwanja wa mpira. Jani likiwa la njano, usisubiri. Ng'oa, katakata, fukia. Panga lipitishe motoni. Usihamishe udongo kwa miguu. Hayo sisi tulifundishwa mpaka watoto wakawa wanayaimba wakiruka kamba.

Nikasema, maskini Mama Alinda, amekaa na ugonjwa mlangoni na hajui.

Nikawasha jiko, nikachoma panga. Nikang'oa wote. Nikachimba shimo refu pale palipokuwa na uwanja wa nyasi, nikakatakata, nikafukia. Nikachanganya maji na ile dawa ya kufulia nguo nyeupe kwenye beseni, nikaweka getini, kila anayeingia au kutoka aloweke viatu. Kazi safi. Nilipoinua kichwa nikaona, juu ya ukuta, majani ya Mzee Kulwa. Njano.

Sasa hapa ndipo mtakapodhani naongopa. Nilikwenda kwa Mzee Kulwa na nikaongea.

Sijui ulimi ulitoka wapi. Nilimwambia, "Mzee, shikamoo, mimea yako inakufa na itaua mingine yote." Nikamweleza ugonjwa unavyoingia, unavyotembea kwa panga, kwa nyuki, kwa viatu. Nikamweleza watu waliokuwa na mikungu ya kuuza na sasa wananunua. Nilinyoosha mikono. Nilipaza sauti. Sikutetemeka hata kidogo. Mzee Kulwa alinisikiliza ameshika kifua, kisha akaingia ndani, akatoka na buti za mvua na jembe.

"Tuanzie wapi?"

Tuling'oa ya kwake. Mama Mchungaji wa nyumba ya tatu akasikia kelele, akachungulia, na maneno yangu bado yalikuwa ya moto, nikayarudia yote kuanzia mwanzo. Akafungua geti kabla sijamaliza. "Kijana, njoo haraka, hapa kwangu ndipo imejaa!" Tukawa watatu. Mimi nasema, "Ng'oa!" wao wanajibu, "Katakata!" na wote pamoja, "Fukia!" Mngesikia mngejua ni kwaya.

Mama Alinda alitukuta tumerudi getini kwake, tunaloweka viatu kwenye beseni. Alikuwa amevaa viatu vipya vyeusi.

"Mama, loweka kwanza," nikamwambia, na kwa sababu nilisema kama mtu mwenye mamlaka, aliloweka. Viatu vikaanza kuwa rangi ya chai. Ndipo akatazama ndani ya geti.

"Nyasi zangu ziko wapi?"

"Nimezitandaza kwa mpapai, Mama."

"Na maua yangu?"

"Yalikuwa yanaumwa. Nimeyazika."

"Yanaumwa nini?"

"Yalikuwa njano."

"Yamezaliwa njano!" alipiga kelele. "Nimeyanunua kwa sababu ni ya njano! Ni mapambo, Projestus! Ni ya njano mpaka yafe!"

Mzee Kulwa alijitokeza, matope mpaka kwenye miwani, akanitetea. "Lakini mama, kijana anasema yangeangamiza ndizi zote za nchi."

"Mzee Kulwa, una mgomba hata mmoja hapo kwako?"

Mzee Kulwa alifikiri. "Sina."

"Mama Mchungaji?"

"Mimi ndizi nanunua sokoni," alisema Mama Mchungaji, na akaliweka jembe chini taratibu sana, kama kwamba si yeye aliyekuwa amelishika.

Sebuleni

Jioni ile Mama Alinda aliniita ndani. Nilikaa kwenye ncha ya kiti. Soksi za Anchelmi zilikuwa na udongo, nikazificha chini ya meza. Niliwawaza ninyi wawili, na mabegi mliyokuwa mmeshayafunga. Niliwaza kupita mbele ya kanisa, nimetoka juzi tu.

Viatu vyake vilikuwa mapajani, anavitazama.

"Mzee Kulwa anasema umehubiri," alisema.

"Nisamehe, Mama."

"Wiki nzima nimekutafutia neno moja zaidi ya 'ee.' Kumbe lilikuwa linasubiri maua yangu." Akavuta pumzi. "Hapa mjini siwezi kukuweka. Nikinunua mapazia ya njano utayashusha ukayazike."

Nikasema, "Ee." Nikasimama, maana nilielewa.

"Kaa. Sijamaliza."

Akachukua simu, akanionyesha picha. Kilikuwa kibanja. Mkiona mtu wa kwetu anaona kibanja mjini, mtajua macho yangu yalivyofanya. Lakini migomba ilikuwa imesongamana, shina moja lina watoto kama shule, na katikati majani yamelegea.

"Hiki kiko Nyaishozi," alisema. "Alikipanda marehemu mume wangu. Tangu azikwe sijaweza kukikanyaga. Mzee Kaheru anayekilinda ananiambia kila nikipiga simu, 'Kinaendelea vizuri waitu, kinaendelea vizuri.' Juzi mtoto wa shemeji akanipigia picha hii." Akaweka kidole juu ya jani. "Na hapa napo ni njano. Lakini njano hii sikuinunua."

Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha akacheka tena kidogo.

"Nenda huko. Huko ukaning'olee unavyotaka."

Nikasema, "Nitakwenda, Mama. Nitaanza na ile iliyo pembezoni, na watoto wa shina nitaacha watatu tu." Alinitazama. Nilikuwa nimesema maneno mengi kwa mara moja, na hakukuwa na ugonjwa mle sebuleni.

Asubuhi, kabla ya safari, nilikwenda na Mzee Kulwa kununua maua mapya ya Mama Mchungaji. Mzee Kulwa alichagua mekundu.

Nyaishozi

Basi la kurudi lilipita njia ya Benako, halikuharibika, na abiria mwenzangu alilala toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna la kusimulia. Deus sikumwona. Mwambieni Bibi Koleta kwamba Mwanza kuna warefu wengi.

Nilikaa nyumbani siku chache, ndipo mliponiona, halafu nikaja huku. Sasa niko Nyaishozi, kwenye nyumba ya uani ya kibanja cha Mama Alinda, na Mzee Kaheru. Siku ya kwanza alinidhania mpelelezi. Alinikaribisha akamwani, akanikaribisha rubisi, pombe yetu ya ndizi, akaniambia kibanja kinaendelea vizuri. Nikamwambia Mama amenituma ning'oe. Akasema yeye haondoki. Nikamwambia asiondoke, mikono inahitajika. Tangu hapo tunaelewana, ila anakoroma.

Asubuhi ya kwanza nilishika panga nikaingia. Mgomba wa kwanza kabisa ulikuwa na jani la njano. Nikainua panga. Nikalishusha. Nikatoa simu, nikampigia Mama Alinda.

"Mama, shikamoo. Kuna mgomba hapa una njano. Ni wa hivyo, au unaumwa?"

Mzee Kaheru alinitazama kwa huruma. "Kwenu hakuna afisa kilimo?"

Kwenye simu nilisikia kicheko tu, na baadaye sauti za wateja dukani wakiuliza kuna nini. Mwishowe alisema, "Unaumwa, mwanangu. Ng'oa." Nikang'oa. Tangu siku ile sijapumzika, na bado sijafika katikati.

Ndiyo sababu nimeandika. Evodius, Anchelmi, nasikia mabegi bado yamefungwa, na kwamba mnasema mtakwenda Mwanza kwa nguvu zenu. Mama Alinda amenikubalia watu wawili. Kazi ni hii tuliyozaliwa nayo, lakini si kwenye mstari mwembamba, hapa unaweza kuzungusha panga bila kumkata kaka. Mkitaka kwenda mjini, nendeni, siwazuii, kule kuna samaki watamu na watu wema. Lakini kabla hamjapanda basi lolote, niandikieni. Karatasi mpeni Gozbert, atanifikishia, hata kama atachelewa kwa kusalimia watu. Wanakwaya wengine nao waniandikie, waniambie ni nani anaimba nafasi yangu ya besi, na kama anasikika.

Msipige simu. Mkipiga nitasema "ee," nanyi hamtajua nimekubali nini.

Wenu,
Projestus